Buluu Kwenye Kucha za Daktari

"Fagia kwako! Fagia kwako, mchawi wee, usinifagilie mimi!"

"Nani mchawi? Hebu rudia nisikie vizuri, maana sikio hili moja lilishazibwa na makelele ya mumeo!"

"Mume wangu yuko selo kwa sababu ya mdomo wako!"

Kapteni Nurys Cabreja alianza kuwasikia kabla hajawaona. Uchochoro wa La Escoria ulikuwa umejaa watu hadi ukutani, na wengine walikuwa wamekuja na viti vyao. Akapenya kwa viwiko. Katikati alisimama Fiordaliza Puello, muuza maandazi, panga mkononi. Mbele yake alikuwa Doña Cundina, mwenye miaka sabini na mikono myembamba kama kuni, ameshika ufagio wa makuti.

Panga likashuka. Ufagio ukakatika vipande viwili, na yule mzee, badala ya kurudi nyuma, akasonga mbele akamchoma Fiordaliza mdomoni kwa kile kipande kilichobaki. Damu ikaruka hadi kwenye gauni. Watu wakashangilia kama wako uwanjani.

Nurys aliudaka mkono wa Fiordaliza, akauzungusha mpaka panga likaanguka. Kwa hisani hiyo akapigwa mti wa ufagio sikioni.

"Samahani, mwanangu," Doña Cundina akasema akihema. "Ile haikuwa yako."

"Ogando! Chukua panga. Na nyie wenye viti, tamthilia imekwisha!"

Hakuna aliyeondoka. Sajini Ogando akaliokota panga na kulikumbatia kifuani.

"Afande, tazama hapa," Fiordaliza akasema, akielekeza kidole kwenye ukanda mwembamba wa ardhi uliogawa nyumba hizo mbili. Vumbi jeusi lilikuwa limerundikana hapo, lenye vijipunje vya rangi. "Buluu! Kila asubuhi ananifagilia buluu yake ya uchawi mlangoni. Mwanangu anacheza hapo hapo. Ndiyo iliyomharibu."

"Buluu ni kinga!" Doña Cundina akang'aka. "Mche mmoja wa buluu ya kufulia ndani ya ndoo, unanyunyiza ua, ndipo unafagia. Jicho baya halipiti. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Mtoto wako kaharibiwa na tanuru, si mimi."

Tanuru lilikuwa nyuma ya ukuta, mwisho wa uchochoro. Kwa miaka kumi na minane liliyeyusha betri za magari. Sasa lilikuwa limefungwa na kiwanja kimepata mnunuzi, mtu aitwaye Lebrón. Kamati ya kusafisha kiwanja ilikuwa imemleta Daktari Eligio Santelises, bingwa wa sumu, aseme ni risasi kiasi gani inayoweza kubaki ardhini bila kumdhuru mtu. Jana saa nane mchana mlinzi alimkuta daktari huyo uani mwa tanuru, fuvu limepasuliwa mara mbili, ubongo umemwagika kwenye daftari lake.

"Doña Cundina," Nurys akasema, "niambie tena huyu mumewe, Wáscar, alivyosema jana asubuhi. Neno kwa neno, bila chumvi."

"Chumvi? Mimi?" Mtaa mzima ukacheka. Mzee akawatupia jicho. "Daktari alikuwa ndani ya pikapu, pale. Wáscar akatoka bila shati, akapiga kelele: 'Leo mchana nakuletea risasi yako, Daktari! Mfuko mzima! Na kama ni mwanaume, imeze yote uone inavyouma!'"

"Umesikia, Kapteni?" Ogando akasema. "Mtu anaahidiwa risasi asubuhi, mchana kafa. Unataka nini zaidi?"

"Amekufa kwa risasi, Ogando?"

"Kwa... chuma. Kichwani."

"Na wewe, katika miaka yako yote ya kazi, umeshaona mtu anabeba risasi za bunduki kwa mfuko, kama mchele?"

Ogando akalihamishia panga kwapani.

"Risasi ya udongo!" Fiordaliza akapasua sauti. "Ile inayotoka kwenye betri! Daktari mwenyewe aliiomba. Nilimwambia sajini wako tangu jana, akaniambia nikapike!"

Nurys akatazama saa. Ilikuwa saa nne na robo. Saa kumi jioni gari la magereza lingekuja kumchukua Wáscar Puello. Huko gerezani walikuwako ndugu wawili ambao Wáscar alitoa ushahidi dhidi yao mwaka uliopita, nao walikuwa wameshatuma salamu: wanamngoja, na kitanda wameshamtandikia.

*

Wáscar alikuwa amekaa sakafuni. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilielekea upande usio wao.

"Alianguka kwenye ngazi," Ogando akasema.

"Kituo hiki hakina ngazi, Ogando."

"Kwa hiyo... mlangoni."

"Toka nje. Kaanguke na wewe."

Mlango ulipofungwa, Nurys akachuchumaa. Hakupoteza muda kumpa pole. "Huo mfuko ulikuwa na nini?"

"Taka. Za pale mpakani, anapofagilia Doña Cundina." Alisema taratibu, akizungusha maneno kwenye meno yaliyobaki. "Afande, unajua daktari alivyokuwa anaitafuta ile namba yake? Haanzi na udongo, anaanza na mtoto. Anauliza, damu ya mtoto ibebe risasi kiasi gani kabla haijamharibu akili. Halafu anarudi nyuma. Mtoto anatambaa, anashika chini, anatia vidole mdomoni. Anameza vumbi kiasi gani kwa siku? Anakunywa maji ya kisima vikombe vingapi? Mwisho ndipo anapata namba. Udongo ukizidi hapo, unachimbwa wote, unaondolewa. Kisima kinafungwa."

"Namba yenyewe ngapi?"

"Miligramu mia mbili kwenye kilo ya udongo. Lebrón alitaka elfu moja. Daktari akamwambia, elfu moja ni ya watu wazima wenye buti, wanaokwenda kwao jioni. Sisi huku tunalala."

"Na ua wenu ulipimwa ukawa ngapi?"

Wáscar akacheka, na kucheka kukamuuma. "Arobaini. Mfuko wa kumi na nne wa sampuli, ua wa Cundina na mpaka wangu: arobaini! Usafi wa kanisani. Na Yaniris wangu ana miaka minne, amesahau maneno aliyokuwa ameshayajua. Alikuwa anaweza kusema 'kipepeo'. Sasa anaonyesha kwa kidole." Akafuta pua kwa kiganja. "Nilimpigia daktari kelele kwa sababu ya hiyo arobaini. Nikamwambia aimeze yeye. Hakukasirika. Akasema namba ya damu na namba ya udongo zinagombana, na damu ya mtoto haina sababu ya kudanganya. Akasema niletee hizo taka saa sita."

"Ukampelekea."

"Kwa gunia la kahawa. Akatia mikono yote miwili ndani, akasaga kwa vidole, akacheka peke yake kama kichaa. Akasema, 'Mfuko wa kumi na nne hauna rangi hii.' Nikamwacha mzima, Afande. Naapa kwa mwanangu."

Nurys alisimama. Akatoa karatasi ya mganga wa maiti kutoka mfukoni. Mstari wa tano: *Kucha za mikono zina buluu. Yaelekea alikosa hewa, au alipewa sumu kabla ya kipigo.* Kwa mstari huo Nurys alikuwa amepoteza jioni nzima akimhoji mlinzi na kuinusa chupa yake ya maji ya ukwaju.

"Ogando!" akaita. "Pale uani mlikuta gunia la kahawa?"

"Hapana, Kapteni. Daftari, kofia na maiti."

"Aliyeua alibeba gunia la takataka akaondoka nalo. Mwizi gani anaacha saa ya mkononi na pochi, anaiba takataka?"

"Mwizi mjinga."

"Au ambaye takataka zile zingemtaja jina. Mifuko ya kamati nani anaijaza?"

"Tineo. Yule wa keekee ya kuchimbia udongo. Alisema wakati ule alikwenda kula."

"Wapi?"

Ogando akakuna shingo. Hakuwa ameuliza.

*

"Lakini sijavaa nguo ya kutokea!" Doña Cundina akalalamika wakati wanamwingiza garini.

"Hatuendi misa, Doña. Nataka macho yako tu."

"Macho yangu peke yake? Haya. Ila nikikutana na mtu wa maana, aibu ni yako."

Ghala la kamati lilikuwa kwenye chumba cha mizani cha zamani, ndani ya ukuta wa tanuru. Bolívar Tineo alikuwa nje, kando ya pikapu yake, akiifuta keekee ya udongo: nondo yenye urefu wa mtu, meno ya skrubu chini na mpini wa msalaba juu. Aliipiga mafuta kwa upole. Alikuwa na masharubu ya kijivu na adabu nyingi.

"Kapteni. Mama. Karibuni. Msiba mkubwa huu."

"Tuonyeshe mfuko wa kumi na nne," Nurys akasema.

Ulikuwa rafuni, umefungwa, umeandikwa vizuri. Nurys aliufungua akaumwaga juu ya meza. Doña Cundina akainama, akachota kwa vidole, akanusa. Akaweka kidogo kwenye ncha ya ulimi kabla Nurys hajaweza kumzuia, kisha akatema.

"Huu umetoka wapi?"

"Uani kwako, mama," Tineo akasema.

"Kwangu mimi? Mweupe hivi, kama unga wa muhogo? Kwangu udongo mweusi tii kwa masizi ya hili tanuru lenu. Na maganda ya mayai yako wapi? Na buluu yangu? Miaka arobaini na mitatu nanyunyiza buluu kila alfajiri, hata unyoya wa kuku kwangu ni wa buluu! Mwanangu, huu ni udongo wa kando ya mto, wanaochanganyia saruji."

"Sampuli huchotwa chini kidogo, mama. Buluu haifiki huko."

"Ulichota lini?" Nurys akauliza.

"Jumamosi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi."

"Doña Cundina alikuwepo?"

"Alikuwa amelala. Sikutaka kumwamsha mzee."

Doña Cundina aligeuka polepole kama mtu aliyetukanwa mbele ya kanisa.

"Nimelala? Saa kumi na mbili na nusu? Mimi, ambaye mtaa mzima unaamshwa na ufagio wangu na kunilaani kwa jina? Mwongo mkubwa! Hata siku niliyofiwa na mume wangu nilifagia kwanza!"

Tineo akatabasamu. "Labda ilikuwa Ijumaa."

"Jana saa sita ulikula wapi, Tineo?" Nurys akauliza.

"Sokoni. Kwa mama mmoja, jina simkumbuki."

"Ulikula nini?"

"Wali."

"Ogando, leta ndoo ya maji."

"Ya kunywa?"

"Ya kufulia."

Nurys alitoka nje, akaichukua ndoo mikononi mwa Ogando, akaimwaga yote ndani ya karai la pikapu, pale nyuma pa kupakia mizigo. Vumbi la kijivu liliondoka kwanza. Kisha, kutoka kwenye kona ya nyuma, chini ya kamba, mchirizi ukaanza kuja, mwembamba, wa rangi ya samawati. Ukapanuka. Ukafika mwisho wa karai, ukamwagika juu ya buti za Ogando kama maji ya kusuuzia nguo nyeupe.

"Buluu yangu!" Doña Cundina akasema.

"Daktari alikufa akiwa na rangi hiyo kwenye kucha," Nurys akasema. "Gunia lilipita humu. Sasa, Tineo..."

Hakumaliza. Keekee ilikuja kwa ubavu, mikononi mwa Tineo, kwa nguvu zote za mwili wake mkubwa. Ogando alinyanyua mkono, na mfupa ukalia *ka!* kama tawi kavu. Akaanguka akipiga mayowe. Pigo la pili lilimtafuta Nurys. Aliinama, chuma kikachimba ukuta pale kichwa chake kilipokuwa, vipande vya tofali vikamchana shavu. Alijikwaa kwenye ndoo akaangukia mgongo. Tineo akainua keekee kwa mikono miwili, meno yakielekea chini, kama mtu anayetaka kuchimba.

Doña Cundina alitokea mlangoni na konzi mbili za udongo wa mfuko wa kumi na nne, akamtupia Tineo zote machoni.

Keekee ilishuka ikakita ardhini, kiganja kimoja kutoka mbavu za Nurys. Nurys alichomoa bastola, akafyatua akiwa chini bado. Goti la Tineo likafumuka, damu na mfupa vikarukia gurudumu la pikapu, naye akaanguka kama gunia.

"Hiyo sasa," Doña Cundina akasema, akipangusa udongo viganjani, "ndiyo risasi niliyodhani Wáscar anaisema."

Nurys alijivuta, akaisukuma keekee mbali kwa teke, kisha akaweka buti juu ya goti lile. Hakukanyaga. Aliliweka tu.

"Gunia liko wapi?"

"Nitakufa! Niitieni daktari!"

"Daktari wa hapa umeshamuua. Gunia."

Buti likazidi uzito kidogo. Tineo akapiga ukelele ulioamsha njiwa kwenye bomba la moshi.

"Chini ya mabomba! Nyuma ya mizani! Nilitaka kulitupa kisimani, lakini kesho wanakuja kupima maji ya chini, yangetoka buluu..."

"Nani alikuagiza ubadilishe mifuko?"

"Lebrón! Mifuko ya La Escoria yote, kumi na tisa. Udongo ukiwa safi hakuna wa kuchimbua kitu, kiwanja kinauzwa hivyo hivyo." Alikuwa analia sasa, kamasi kwenye masharubu. "Ilikuwa namba tu, Kapteni! Namba kwenye karatasi! Yule daktari alisaga takataka kwa vidole, basi, akajua. Hakwenda hata maabara. Akaniambia, 'Tineo, lete kitabu cha mifuko.' Nikampiga. Akakaa chini, akaniuliza tena, taratibu kabisa, mfuko wa kumi na nne ulichotwa wapi. Damu inamtoka masikioni na bado anauliza! Ndiyo nikampiga tena."

Nurys akaondoa buti.

"Ogando, unaweza kuandika?"

"Mkono umevunjika, Kapteni."

"Una mwingine. Andika alivyosema, na Lebrón umtaje. Na ya Wáscar nayo utaiandika, hasa pale kwenye ngazi."

*

Gari la magereza lilifika kituoni saa kumi kasoro dakika tano na kuondoka tupu, dereva akinung'unika kuhusu mafuta. Saa kumi na nusu, Wáscar Puello alishushwa kwenye uchochoro wa La Escoria, mkono umefungwa kitambaa. Wenye viti walikuwa wamerudi. Walimpokea kwa vigelegele, wakampapasa mgongoni palipokuwa na michubuko, akawatukana wote kwa mapenzi. Yaniris alitoka mbio, akamng'ang'ania mguu. Hakusema kitu. Alimgeukia mamaye, akamwonyesha baba kwa kidole.

Nurys alikuwa anafunga utepe wa polisi kwenye vijiti vinne, kuuzunguka ule ukanda wa mpakani.

"Mkemia wa kamati atakuja kesho asubuhi kuchota hapa, mimi nikimtazama," akasema. "Doña Cundina, kesho usifagie."

"Nisifagie?" Mzee alishika kifua. "Hata kidogo?"

"Hata jani. Nimezungumza naye kwa simu. Anasema hapa mpakani huenda risasi ikafika elfu tatu, wakati katikati ya ua wako huenda haizidi mia tatu."

"Mbona hapa nyingi hivyo? Tanuru lilikuwa linachagua?"

Nurys alifunga fundo la mwisho. Hakukuwa na mahali pa kulikwepea swali lile, na uchochoro mzima ulikuwa unasikiliza.

"Vumbi la tanuru lilianguka sawasawa kila mahali, Doña. Wewe ukalikusanya. Kila alfajiri, miaka yote hiyo. Ukalirundika hapa."

Doña Cundina alitazama ukanda ule. Katikati yake, juu ya vumbi jeusi lenye buluu, kulikuwa na kijiko cha plastiki, kikombe kisicho na mkono, na keki tatu za udongo zilizofinyangwa vizuri kwa vidole vidogo. Moja ilikuwa imemegwa, na alama za meno zilionekana.

"Basi ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namwandalia."

Mzee akageuka aende kwake. Akakumbuka ufagio wake umekatika, akasimama tu pale na mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

Mlangoni mwa nyumba ya pili, Fiordaliza alikuwa anakwangua sufuria ya wali wa mbaazi. Mdomo wake ulikuwa umevimba mahali pa ufagio. Alikwangua muda mrefu kuliko sufuria ilivyohitaji.

"Jirani," akasema bila kuinua macho.

Doña Cundina aliendelea kuzitazama zile keki za udongo.

"Wewe, mzee. Ukoko umeshika vizuri leo, na huyu mume wangu hana meno ya kuutafuna. Ingia ule."

Doña Cundina akavuta pua. Akauzunguka utepe wa polisi kwa hatua ndefu, akipandisha gauni asiguse chochote, akafika kizingitini.

"Nawa mikono kwanza," Fiordaliza akasema, akimsogezea ndoo nyeupe. "Haya ni ya bomba, si ya kisima. Na usiniachie buluu kwenye taulo."